Upande wa Majibu

Mwezi uliopita tulimzika mjomba wangu huko Matulo, na tangu siku hiyo kinanda changu cha mdomo kimelala juu ya kabati la vyombo, ndani ya soksi ya mtoto, kwa sababu kasha lake lilivunjika zamani. Mume wangu ameniuliza zaidi ya mara moja kama nimekiacha. Sijakiacha. Ninakipita tu nikienda kuchukua sahani, nakitazama, halafu naendelea na upishi. Ukweli ni kwamba naogopa kukisikia. Kwa hiyo badala ya kukipiga nimekaa mezani kuandika, na habari za ukoo wetu nitaziacha, maana kila mtu ana ukoo, na koo zote zikisimuliwa hufanana. Ninachotaka kukumbuka ni mwaka mmoja tu, mwaka nilioishi Kitale peke yangu nikitafuta mwalimu wa kinanda ndani ya simu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimeajiriwa katika duka la mbegu na mbolea, na sikuwa na mtu wa kula naye. Siku hizi nyumba yangu ya Bungoma haina kona hata moja iliyotulia, watoto wanagombania rimoti tangu asubuhi, lakini bado nikiingia kwenye chumba chenye kiti kimoja nakumbuka kile cha Kitale na moyo wangu unashuka.

Mjomba huyo tulimwita Khocha, kama tunavyowaita wajomba wote kwetu, na yeye aliniita mwiwa wake, yaani mtoto wa dada. Alikuwa fundi wa baiskeli pale sokoni Matulo, mwembamba, mtani, mwenye dharau kidogo kwa chombo chochote cha muziki kinachohitaji umeme. Alinipa kinanda nikiwa bado shule ya msingi, na hakunifundisha wimbo hata mmoja kuanzia mwanzo. Alinipa upande wa majibu. Kwetu wimbo haumalizwi na mtu mmoja: mmoja anatoa, mwenzake anapokea, na kungoja zamu ni sehemu ya kuimba. Basi yeye alitoa, mimi nikapokea. Wimbo alioupenda kuliko zote alikuwa ameutunga mwenyewe, kuhusu ng'ombe aliyemnunua Ndalu, wa rangi ya kahawia na pembe moja iliyovunjika, ambaye kila akifunguliwa kamba alishika njia kurudi Ndalu alikotoka. Katika wimbo Khocha anamuuliza ng'ombe: umekosa nini kwangu? Nyasi? Maji? Chumvi? Na ng'ombe, ambaye ndiye mimi, anajibu kila mara kwamba anarudi Ndalu, ila kila jibu linapanda kidogo kuliko lililotangulia. Maneno hatukuyatamka. Yalikuwa ndani ya pumzi, na wateja waliokuja kuzibiwa mipira ya baiskeli waliyajua, wakacheka mahali pa kucheka.

Halafu Khocha akapata kiharusi. Alitoka hospitalini mguu ukiwa unaburuta na upande wa kulia wa mdomo umelegea, na mtu ambaye midomo yake haifungi hawezi kupiga kinanda, kwa sababu pumzi inatoka kando. Nilikwenda kumwona Januari, wiki moja kabla ya kuanza kazi Kitale. Walikuwa wamehamishia kitanda chake sebuleni, karibu na dirisha, na chumba kizima kilinuka dawa ya kuchua na chai ya maziwa. Kinanda chake kilikuwa juu ya redio, kimefunikwa kitambaa cha kufuma kama vile vingine vyote vya mkewe, Mama Nanjala. Nilijaribu kutokitazama. Khocha akakitazama yeye, akanigeukia.

"Pumzi inatorokea hapa," akasema, akigusa kona ya mdomo kwa mkono wa kushoto, ule mzima. "Rakini wewe si uko? Uwe unakuja Jumapiri na kinanda yako. Kitare si mbari."

"Nitakuja, Khocha. Wacha kwanza nijue vizuri."

"Kujua nini?"

Kabla sijajibu Mama Nanjala aliingia na ugali na mrenda, akaanza kumfunga Khocha kitambaa shingoni ili asijimwagie, na Khocha akaanza kulalamika kwamba yeye si mtoto wa kunyonya. Tukacheka wote, tukala, na swali lake likabaki pale pale mezani. Mimi nilikuwa nimeshaamua moyoni ninachotakiwa kujua. Nilitaka kujua upande wake. Niliona kwamba wimbo wa ng'ombe wa Ndalu ulikuwa umekatwa nusu, na nusu iliyopotea ni ile yake, na nikajiapia kwamba sitarudi kukaa kando ya kitanda kile na kinanda mpaka niweze kumpigia wimbo mzima. Kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Unabeba sukari, unabeba ndizi, unabeba hata kuni. Kwenda na majibu peke yake niliona ni sawa na kufika mlangoni bila hata kipande cha sabuni.

Chumba changu Kitale kilikuwa cha mwisho kwenye ploti, kona, karibu na mfereji. Kilikuwa na kitanda, stovu ya mafuta, ndoo mbili, na kiti kimoja ambacho mwenye ploti alisema nikivunja nitalipa. Dari ilikuwa moja kwa vyumba vyote, kwa hiyo ukipiga chafya jirani wa tatu anakuambia pole. Nilimjua kila mtu kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Nilijua nani anasali, nani anapiga simu ya kuomba msamaha, na nani anakaanga vitunguu kila siku bila kuchoka. Asubuhi nilikwenda dukani, nikawauzia wakulima mbegu za mahindi na kusikiliza malalamiko ya mvua, jioni nikarudi na sukuma wiki na mayai mawili, nikapika ugali mdogo kama ngumi, nikala nikitazama ukuta. Nilikuwa sijawahi kula peke yangu maishani mwangu. Sikujua kwamba ugali wa mtu mmoja hauna ladha, na kwamba mtu anaweza kusonga sufuria nzima kwa mazoea halafu akabaki anautazama.

Kutafuta mwalimu nilikufanya saa ya chakula cha mchana, nyuma ya duka, nimekalia mifuko ya mbolea kwa sababu hapo ndipo simu ilipokamata mtandao vizuri. Sikujua dunia ina walimu wengi wa kinanda cha mdomo namna ile. Kila mmoja aliniuliza swali moja kabla ya kunifungulia mlango: wewe ni mwanafunzi wa kiwango gani? Niliingia kwanza kwa wanaoanza, maana kwetu kujisifu si vizuri, nikakuta mtu anaeleza jinsi ya kushika chombo na upande upi wa kuweka mdomoni. Nikaingia kwa waliobobea, nikakuta mzungu mmoja anapiga sauti tatu kwa pamoja huku akitabasamu, nikatoka mbio. Ikabaki daraja la kati. Maelezo yake yalisema hivi: unajua nyimbo kadhaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, na sasa uko tayari kujifunza kupinda sauti. Hilo la pili ndilo nililolitaka. Kinanda chetu kile chenye matundu kumi kimepungukiwa sauti mbili upande wa chini, hazimo kabisa, na mpigaji huzitengeneza mwenyewe kwa kuvuta pumzi na kuurudisha ulimi nyuma mpaka sauti ishuke. Maswali yote ya Khocha yalikuwa kule chini. Majibu yangu yalikaa katikati, ambako kila sauti ipo na hata mtoto huipata. Lakini hilo la kwanza, la nyimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho, nililisoma nikakaa nalo kwa muda. Nilikuwa nimepiga kinanda zaidi ya nusu ya maisha yangu na sikujua wimbo hata mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Niliwajaribu walimu watatu. Wa kwanza alikuwa kijana wa kofia, masomo yake ni ya bure, ila aliongea sana na katikati ya somo alisimama kuuza vinanda. Wa pili hakuwa mtu, ilikuwa shule kubwa ambapo mashine inakusikiliza, mstari mwekundu unatembea kwenye kioo, na ukikosea unanguruma. Hiyo ilinipa alama mbaya kila siku. Nilipiga sauti zangu sawasawa, lakini mkono wangu ulizoea kushuka na kungoja, na mashine haielewi kungoja. Wa tatu alikuwa mzee mmoja wa nchi za baridi aitwaye Tomas, ambaye alifundisha mwanafunzi mmoja mmoja, ana kwa ana kwenye simu. Nafasi aliyokuwa nayo ilikuwa Jumapili tu, mchana wetu, na Jumapili ndiyo siku pekee ambayo duka letu lilifungwa. Nilimchagua huyo. Nilijiambia ni kwa sababu anaweza kuona mdomo wangu na kunirekebisha, na hiyo ilikuwa kweli. Lakini sababu nyingine, ambayo wakati ule nisingemwambia mtu, ni kwamba alipopokea simu mara ya kwanza alisema, "Karibu, Nekesa," akilitamka jina langu polepole kwa uangalifu, na nilitambua kwamba wiki nzima hakuna mtu aliyekuwa ameniita kwa jina. Dukani nilikuwa "madam". Ploti nilikuwa "yule wa kona".

Tuliongea Kiingereza, chake cha kuazima na changu cha shule, tukaelewana vizuri. Somo la kwanza akaniambia nimpigie wimbo wowote ninaoupenda. Nikaegemeza simu kwenye ndoo, nikaketi kitandani, nikapiga ng'ombe wa Ndalu kama nilivyoujua. Nilipiga jibu la kwanza, nikashusha kinanda, nikangoja. Uso wa Tomas ukaja karibu na kioo.

"Nekesa? Unanisikia? Naona umeganda."

"Nakusikia, mwalimu."

"Ni mtandao?"

"Hapana. Mtandao uko sawa."

"Basi mbona umenyamaza?"

"Ni zamu ya mjomba."

Akatazama nyuma yangu, ukutani, kama anayetafuta mtu. "Mjomba yuko hapo?"

"Hapana," nikasema. "Yuko Matulo."

Sikujua mpaka hapo jinsi jambo hilo linavyosikika likisemwa kwa sauti. Nilimweleza yote, ng'ombe, pembe, chumvi, kiharusi. Alisikiliza vizuri, mzee yule, hakucheka. Kisha akasema labda yeye anaweza kupiga upande wa mjomba, nimwimbie tu jinsi unavyokwenda. Tukajaribu. Lakini sauti inachukua muda kuvuka bahari, na kila alipouliza, swali lilinifikia nikiwa nimeshachoka kungoja na nimeanza kujibu, tukagongana, tukaomba radhi, tukaanza tena, tukagongana tena. Mwishoni akaweka kinanda chini. "Haiwezekani hivi," akasema. "Watu wawili hawawezi kupiga pamoja kwa simu. Lazima ujifunze pande zote mbili. Tutaziba hizo nafasi, moja baada ya nyingine." Nilikubali mara moja, kwa furaha kabisa, kwa sababu ndicho nilichokuwa nimekuja kutafuta.

Kuanzia hapo Jumapili zangu zikawa zake. Kupinda sauti ni kazi ya kuudhi. Unavuta pumzi kwenye tundu la pili na kinachotoka ni mkoromo, au mluzi, au kitu kama mbuzi aliyekabwa. Tomas alinieleza ulimi ukae wapi, koo lifunguke vipi, niumbe mdomo kama ninayetamka irabu hii kisha ile, na mimi nilifanya yote na kinanda kikanikoromea. Nilifanya mazoezi kila jioni baada ya kazi, nimefunga dirisha kwa aibu, na kwa sababu dari ilikuwa moja, ploti nzima ikanisikia nikivuta pumzi na kukoroma mwezi baada ya mwezi. Jioni moja nikiwa mferejini nikijaza ndoo nilisikia sauti ya Mama Chebet, jirani yangu wa ukutani, mwanamke wa huko mlimani Elgon aliyeuza maziwa mjini, akimwambia mwenzake jikoni kwake: "Ule dada wa kona anaisha pole pole. Kila jioni anavuta pumzi, anavuta, hata wewe utalia. Na tangu aingie hapa sijaona mtu amekuja kumuangalia."

Nilibeba ndoo yangu nikapita kama sikusikia. Nilikasirika, nikacheka, halafu nikafunga mlango nikalia, si kwa ajili ya ugonjwa alionidhania bali kwa ile sehemu ya mwisho. Kesho yake Mama Chebet akabisha hodi, na mkononi ana kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando.

"Shika, mama. Hii inasafisha kifua. Uko na pumu ama ni vumbi ya hiyo mbolea mnauza?"

Ningeweza kumwonyesha kinanda, kilikuwa pale pale kitandani chini ya leso. Badala yake nikasema, "Labda ni vumbi," nikamkaribisha, nikampa kile kiti changu kimoja, mimi nikakaa kitandani. Alikaa mpaka maziwa yakaisha. Alinieleza habari za ng'ombe wake, za binti yake Chebet aliyekuwa shule ya bweni, za mume ambaye "alienda kutafuta kazi na akapata bibi". Akawa anakuja kila siku chache, leo na tangawizi, kesho na asali ya mlimani, ananisikiliza nikipumua huku ametega sikio mgongoni mwangu. Sikumwambia. Niliona nikipona hatakuja tena.

Huku nyuma Mama Nanjala alinipigia simu kutoka Matulo, mara nyingi Jumamosi, na mazungumzo yetu yalikuwa mafupi kwa sababu salio lake halikuwa la kuchezea. "Mzee anauliza kama kesho utakuja na kinanda." Nami nikajibu, "Kesho nina darasa, mama. Mwambie avumilie kidogo." Akasema, "Sawa, nitamwambia uko darasani," na nyuma yake nikamsikia Khocha akiuliza kitu, na yeye akimjibu, "Anasoma, baba, mwache asome." Nilikwenda kuwaona mara chache mwaka ule, siku za katikati ya wiki nilipopewa ruhusa, nikiwa na sukari, na mara moja na mbolea ya shamba lao. Kinanda nilikiacha Kitale makusudi. Khocha alitazama mfuko wangu wa mkononi kila nilipoingia, kisha akatazama dirisha, akaniuliza mahindi ya Kitale yako magotini au yameshapita kiuno. Nilidhani anaficha hamu yake ya mshangao ninaomwandalia. Nilirudi Kitale nikijisikia mtu mwenye siri nzuri.

Sauti ilishuka wakati wa mavuno, siku ambayo sikuitarajia. Mama Chebet alikuwa ameniletea uji wa wimbi, wa moto sana, na kwa kuwa alisimama pale kusubiri kikombe chake ilinibidi niunywe ukiwa unachoma. Unajua mtu anavyounywa uji wa namna hiyo, anauvuta na hewa pamoja, koo limeachia, ulimi umekimbilia nyuma usiungue. Khocha aliwahi kuniambia utotoni kwamba kule chini "unavuta kama uji moto", nikadhani ananitania kama kawaida yake. Niliweka kikombe chini, nikatoa kinanda chini ya leso mbele ya Mama Chebet, nikavuta. Sauti ikainama, ikashuka mpaka mahali ambapo Khocha huuliza habari ya chumvi, na ikakaa pale.

Mama Chebet alinitazama, akatazama kinanda, akanitazama tena.

"Kwa hivyo ni hiyo?"

"Ni hiyo, mama."

"Siku hizi zote? Na mimi ninakuombea kanisani?" Akapiga makofi mara moja, akacheka mpaka akashika mlango. Alikunywa uji uliobaki yeye mwenyewe. Hakuacha kuja, kama nilivyoogopa. Alikuja vilevile, ila sasa hakuniletea dawa, aliniletea maziwa ya kawaida, na alikaa kwenye kile kiti akisikiliza huku akichambua maharagwe. Nilimpoteza tu nilipohama, na namba yake ikapotea pamoja na simu ile, na huwa nikisikia mtu akikohoa usiku nawaza kama bado yuko.

Desemba duka lilipofunga kwa Krismasi nilikwenda Matulo na kinanda changu mfukoni, kimefungwa kitambaa kipya. Nilikuwa nimeujua wimbo mzima. Niliweza kuuliza kwa sauti ya chini na kujibu kwa sauti ya kati bila kupumzika hata kidogo, na Tomas alikuwa ameniambia kwamba mimi sasa si mtu wa daraja la kati tena. Khocha alikuwa amekaa kitandani amevaa shati safi. Naona Mama Nanjala alimwandaa. Sikunywa hata chai. Nilisimama katikati ya sebule nikapiga ng'ombe wa Ndalu kuanzia mwanzo hadi mwisho, nyasi, maji, chumvi, na majibu yake yote, sauti moja ikiifuata nyingine bila pengo. Mama Nanjala akapiga kigelegele. Khocha alikuwa akitazama dirisha.

"Umepiga sawasawa," akasema. "Hata pare kwa chumvi. Nani amekufundisha pare kwa chumvi?"

"Nimejifunza kwa simu, Khocha. Mwaka mzima."

"Ni nzuri. Ni nzuri sana." Akapangusa kona ya mdomo. "Harafu mimi nimeingia wapi?"

Sikuelewa. Nikamwambia huo ndio upande wake, nimeuleta, nimeutafuta mpaka nimeupata, ili ausikie tena.

"Upande yangu iko hapa," akasema, akigonga paji la uso kwa kidole. "Ugonjwa irishika mdomo, haikushika kichwa. Kira asubuhi naurizanga hiyo ng'ombe maswari yake yote, moja moja. Hakuna mtu wa kunijibu, mwiwa. Nirikuambia uje na kinanda. Sikukuambia uende ukasome."

Mama Nanjala akasema, "Baba, si umwache mtoto apumzike kwanza," lakini alisema kwa sauti ndogo, na hakunitazama. Mimi nilibaki nimesimama na kinanda changu. Nilikuwa nayo majibu yale tangu Januari. Nilikuwa nayo tangu utotoni. Jumapili yoyote ya mwaka ule ningeweza kuja nikaketi hapa kando ya dirisha na kufanya kile kidogo nilichojua, na kingetosha. Nimewahi kusikia uchungu mwingi baada ya hapo, nimezika mama, nimepoteza mimba, lakini uchungu wa dakika ile una kona yake moyoni na haujawahi kuhama.

"Kaa chini," Khocha akasema. "Piga yako. Niachie nafasi."

Nikakaa kando ya kitanda. Nikainua kinanda, nikasubiri aanze, na yeye akafumba macho, midomo yake iliyolegea ikasogea kidogo, vidole vya mkono wa kushoto vikapigapiga blanketi. Hakuna kilichosikika ila kuku wa nje. Nikajibu. Tukaenda hivyo, yeye kimya, mimi kwa sauti, na mahali pa chumvi, ambapo swali ni refu, niliingia mapema. Mazoea ya Kitale, ya kuziba kila pengo. Akainua mkono bila kufumbua macho.

"Ngoja. Bado nauriza."

Nilimwandikia Tomas kwamba sitaendelea na masomo ya Jumapili, na akanijibu kwa upole kwamba anaelewa, ingawa sijui kama alielewa. Jumapili zile nikazirudisha Matulo, zote mwanzoni, kisha nyingi, kisha, nilipoolewa na kuhamia Bungoma na kupata watoto, chache kuliko nilivyotaka. Khocha aliishi miaka mingi kuliko alivyotarajia mtu yeyote. Kila nilipofika hatukuongea sana. Alisema tu, "Umebeba?" na mimi nikatoa kinanda mfukoni. Sikupiga tena upande wake mbele yake, na hata peke yangu sikuupiga, mpaka ule ujuzi wa kupinda sauti niliouhangaikia mwaka mzima ukaanza kunitoka mdomoni, nami nikauacha utoke.

Siku ya mazishi mshereheshaji alitangaza kwamba mpwa wa marehemu atapiga wimbo. Alikuwa kijana wa kutoka mjini, mchangamfu, hakumjua Khocha. Alinisogezea maikrofoni karibu na mdomo, nikatazama watu waliojaa chini ya hema, kwenye viti vya plastiki, wengi wao hawajawahi kusikia habari za ng'ombe wala pembe. Sikuanza. Wimbo ule haukuwa wa kuanzishwa na mimi. Nikangoja, kinanda kikiwa mdomoni, mpaka swali la kwanza likapita, nikajibu, nikashusha mkono. Swali la pili likapita. Nikajibu. Nilipofika kwa chumvi na kunyamaza kwa muda mrefu, watu wakaanza kugeuka kutazamana, na mshereheshaji akaja akaiondoa maikrofoni mbele yangu kwa adabu, akaigonga kwa kidole.

"Aloo? Aloo? Ati imezima? Fundi wa mitambo, hebu angalia hii kitu yako bana."

Mama Nanjala alikuwa ameketi mbele, karibu na jeneza, shali kichwani, na asubuhi yote hakuwa amesema neno kwa mtu. Hakuinua kichwa.

"Haijazima," akasema. "Mwacheni mzee. Bado anauliza."

Kijana akarudisha maikrofoni mahali pake. Nikangoja mpaka Khocha akamaliza, nikajibu.